Pikapu ya Mama Haina Klachi Tena

Nakivale, 14 Septemba

Kwako Yaya Gervais, kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote, wewe na wifi Alida na watoto hapo Kampala. Kile kifua chako kimepona? Sisi ni wazima, Mungu anatulinda. Mvua imeshika, maharage yameota, na Mama anaimba jikoni tangu asubuhi. Kuimba huko ndiko kumenifanya nichukue kalamu.

Unajua alivyokuwa. Goti la kushoto lilipokaza akashindwa kukanyaga klachi, pikapu ya marehemu Baba ikakaa chini ya turubai miezi kumi na moja. Mwanamke aliyezoea kupeleka maharage ya Endiinzi hadi soko la Mbarara akawa wa kukaa mlangoni, akitazama magari ya wengine. Ulipomwita ahamie kwako apumzike, alikubali bila kubisha. Mama yetu, bila kubisha! Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilikuambia kwenye simu kwamba giaboksi imekufa na nitafunga nyingine. Sikukuambia ni ya aina gani. Ni otomatiki, Yaya, ya kisasa, nimeitoa kwenye gari lililogongwa. Inabadili gia yenyewe, mguu wa kushoto hauna kazi. Mzee Rwakabuba, fundi mkuu wa gereji yetu ya Kakiika, alicheka mpaka akashika tumbo. Alisema pikapu ile imenizidi umri, na kuifungia kitu hicho ni kumvalisha bibi kizee viatu vya mpira. Lakini kesho yake nilimkuta ameshalala chini ya gari, anapima.

Tulihangaika wiki tano. Giaboksi ilikataa kukaa na injini, tukachongesha sahani nene ya chuma ya kuziunganisha. Ilikuwa kubwa kuliko ile ya zamani, ikabidi nikate sakafu, nami nilikata huku nikimwomba Baba msamaha kwa sauti. Shafti inayozungusha magurudumu ya nyuma tuliifupisha. Na kwa kuwa gia za siku hizi zinaamriwa na kompyuta, tukaifunga kompyuta yake ndogo chini ya dashibodi. Siku ya kwanza gari liling'ang'ania gia ya pili, halitaki nyingine. Rwakabuba akagundua nimeunganisha nyaya mbili kinyume, na hadi leo anawasimulia wateja.

Jumamosi Mama akashika usukani. Akina mama wenzake wa kwaya wakapanda nyuma na ngoma zao, maana gari lake haliondoki bila wimbo. Hatujafika mbali, mguu mbovu ukasahau ubovu wake, ukaenda kutafuta klachi. Pale sasa kuna pedali pana ya breki, gari likasimama ghafla! Kwaya nzima ikaangukia ngoma. Mama Perpétue, kiongozi wao, akainuka kitambaa cha kichwa kikiwa kimeshuka shingoni, akapaza sauti: "Annonciata, unatupeleka ku soko ao ku mbingu?" Walicheka mpaka wakashindwa kuimba. Mama akavua kiatu cha kushoto, akausogeza mguu pembeni na kuuambia utulie, kazi yake imekwisha. Akaenda hadi Endiinzi na kurudi. Aliposhuka alinishika uso kwa mikono miwili. Mimi nililia tu.

Sasa nikuambie ukweli, Yaya. Giaboksi ya zamani haikufa. Ni nzima kabisa, nimeifunga kwenye gunia hapa nyumbani. Nilikudanganya kwa sababu ulikuwa umeshamwandalia chumba, na ungejua ninamtengenezea gari la kuendesha tena ungekuja kumchukua kabla sijamaliza. Wala sikufanya kwa ajili yake peke yake. Niliogopa kurudi kutoka gereji nikute nyumba haina mtu wa kunigombeza. Nisamehe, ndugu yangu.

Jana nilimwambia Mama pia. Alikasirika, akasema aliyemdanganya mkubwa wake aungame kwa mkono wake mwenyewe, siyo kwa simu. Ndiyo maana unasoma barua.

Kisha akaniamuru niongeze haya: chumba kile wape watoto. Yeye haji kukaa. Noeli atakuja kuwasalimu siku tatu, atajiendesha mwenyewe, na hataki mtu wa kumpokea njiani.

Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao mwenye mikono ya grisi. Mungu awalinde hadi tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Orpa