Lenzi Tatu na Bega la Harusini

Kwako Bi Setsuko wa ukurasa wa Jumapili,

Nisaidie, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza tena. Mimi ni mstaafu wa hapa Kanazawa, naishi na mke wangu Noriyo na mama yangu mzazi, ambaye moyo wake umechoka na daktari ametuambia tusipange mambo ya mbali, naye mama haogopi, ameomba kitu kimoja tu, nimpige picha nzuri ya kuwekwa mbele ya jeneza kati ya maua meupe, kwa sababu marehemu baba alikufa ghafla na hatukuwa na picha yake, tukamkata kwenye picha ya ukoo ya harusi yangu ikakuzwa, na mpaka leo pale juu ya madhabahu ya nyumbani baba ana bega la mtu mwenye kimono cheusi pembeni yake, na kila asubuhi mama akimwekea wali na chai hunicheka, "Mwanangu, mimi usije ukanipeleka na bega la watu."

Shida yangu ni lenzi. Ninazo tatu za zamani, zote za kupigia sura, nilizozitafuta kwenye maduka ya mitumba. Ya milimita themanini na tano inalainisha uso hadi mikunjo inayeyuka, lakini naona kama namdanganya mtu, ya mia na tano ni kali, haifichi hata doa la shavuni, na Noriyo alipoona picha ya mama niliyoipiga nayo akasema, "Huyu anatafutwa na polisi?", ya mia thelathini na tano ndiyo inayofuta vya nyuma vizuri kuliko zote, ila lazima nirudi hadi mlangoni, na mama hasikii vizuri, basi anakaa na uso wa mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Tangu micheri, ile miti yetu ya maua ya masika, ichanue, hadi sasa majani yanageuka mekundu kabla ya baridi, nampiga kwa hii, nampiga kwa ile, nalinganisha kope, nimemkataza hata kimono chake cheusi anachokitaka kwa kuwa cheusi kinameza mwanga, na juzi akavua miwani akaniambia, "Tadaomi, mimi si ule ukuta wa matofali unaojaribia lenzi zako. Nitakwenda kwa yule kijana wa picha pale kituo cha treni, anapiga mara moja na anashukuru." Noriyo akamuunga mkono. Nimeumia sana. Nimwombeje avumilie, na lenzi ni ipi?

Tadaomi

Bwana Tadaomi,

Pole. Asiyempenda mama yake angempiga kwa simu akamaliza. Wewe unazunguka kwenye lenzi kwa sababu siku picha ikikamilika utakuwa umekubali kwamba anaondoka, na hakuna mwana anayelitaka hilo. Nakuelewa, nami nilimzika wangu. Lakini kumkalisha mgonjwa wa moyo mbele ya kamera tangu micheri ichanue hadi majani yawe mekundu ni kumtesa, na unajua.

Chukua ya themanini na tano. Ziba kidogo tundu lake la kupitishia mwanga, mikunjo itarudi, hutakuwa umemdanganya mtu. Sababu yangu ni masikio ya mama. Kwa lenzi hiyo utakaa karibu, atakusikia, na atakuwa na uso wa mtu anayeongea na mwanawe.

Sasa lile bega. Ndugu yangu, unalitazama kila asubuhi na hujajiuliza ni la nani? Harusi ilikuwa yako. Kwenye picha ya ukoo wazazi wa bwana harusi hukaa pamoja, na mama wa bwana harusi huvaa kimono cheusi. Nani mwingine angekaa ubavuni mwa baba yako? Mlipomkata baba mlimkata na mama, mkabakiza bega, naye amekuwa akikutania miaka yote hii bila wewe kushtuka.

Kwa hiyo kesho asubuhi, si keshokutwa, mwombe radhi. Noriyo amvishe kimono kilekile. Kikimeza mwanga, fungua milango kimeze zaidi. Mwulize habari za siku ile ya harusi, na upige akianza kucheka. Usilinganishe chochote. Picha ikuzwe saizi sawa na ya baba, na mama aione yeye kwanza.

Siku ikifika, itundike pembeni ya baba, upande wa lile bega. Usimruhusu mtu yeyote alifute. Litakuwa limempata mwenyewe.

Setsuko