Wanja wa Ami Salum

Jumamosi, 8 Novemba
Nimetengeneza viyoyozi vinne leo, kisha mazoezi humu humu karakana. Nyimbo tisa, dakika arobaini. Khalfan anakimbiza ngoma kwenye wimbo wa tatu. Nimemwambia mara sita: roki ya miaka ya sabini haikimbii, inatembea kwa madaha. Alhamisi saa moja usiku, hoteli ya Nizwa. Jukwaa la kweli, mara ya kwanza, baada ya miaka saba ya kupiga hapa Ibra milango imefungwa. Amplifaya ya taa, ile ya kizamani, nimeifufua mwenyewe. Koti la puleki nimelishona mwenyewe. Hakuna aliyenisaidia hata sindano.

Jumapili, 9 Novemba
Hoteli imetoa picha yangu ya tangazo, nimejipamba kama wanamuziki wa roki wa enzi zile. Ami Salum kaiona. Kaniita chakula cha mchana, wali na papa, kisha mbele ya wakwe zake:
"Mwanamume mzima, wanja na viatu vya kisigino! Umekuwa biarusi, Nassor?"
Nikamwambia yeye mwenyewe hupaka wanja kila Idi.
"Mimi sunna. Wewe sarakasi."
Wakacheka wote. Hata mkewe, Bi Zuwena, nilimsikia jikoni akicheka. Kisigino chenyewe sentimita saba tu. Tangu baba afe, ami yangu huyu hajawahi kunisikia nikipiga hata wimbo mmoja, lakini hukumu anayo. Sili kwake tena.

Jumatatu, 10 Novemba
Dakika arobaini na mbili. Khalfan kapunguza mwendo mno safari hii. Wanja wa duka unashuka nikitoka jasho. Ukifika wimbo wa nne nafanana na mtu aliyepigwa.

Jumanne, 11 Novemba
Ami Salum amefariki baada ya sala ya alfajiri. Moyo. Tumemzika kabla ya adhuhuri. Nilishuka kaburini.
Azaa, yaani matanga, siku tatu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nimehesabu mara mbili, kana kwamba jibu lingebadilika. Hana mtoto wa kiume. Wa kusimama mlangoni mwa sabla, ukumbi wa mtaa, kupokea mikono ya rambirambi ni mimi.
Nina hasira. Hata kufa kachagua wiki.

Jumatano, 12 Novemba
Mikono. Baada ya mia mbili niliacha kuhesabu. Kahawa, tende, dua, kahawa tena. Khalfan kaja, kanivuta pembeni.
"Kesho ondoka baada ya alasiri. Nizwa ni mwendo wa saa mbili tu. Unawahi. Nani atajua?"
Hesabu hiyo niliifanya jana makaburini. Inatosha, pamoja na kufunga vyombo, na nusu saa inabaki. Nimemwambia nitamjibu kesho.

Alhamisi, 13 Novemba
Nimesali alasiri, nimetoka na ufunguo wa gari mkononi. Gari la watu wa Sur likaingia. Wazee watano, mmoja anashikwa mkono. Wanamuuliza kila mtu: mwenye msiba yuko wapi?
Nimerudi mlangoni. Nimempigia Khalfan afute onyesho. Hoteli imempa mpiga kinanda dakika zangu arobaini.
Magharibi azaa imefungwa. Bi Zuwena kaniita, kasema nami nyuma ya pazia, maana yuko edani. Kichupa kikasukumwa sakafuni.
"Wanja wa manga. Akiusaga mwenyewe. Mimi miezi minne na siku kumi siugusi. Uchukue."
Nikasema wangu ni sarakasi.
"Uchukue, mwanangu. Siku ile ulipoondoka aliitazama tena ile picha. Kasema, kama kupaka, basi angepaka wanja wa maana, huo utamshuka."
Nimeutia mfukoni.

Jumamosi, 15 Novemba
Viyoyozi viwili. Mazoezi. Khalfan ana kinyongo, wimbo wa tatu anaukimbiza kwa makusudi. Nimepaka wanja wa ami, kijiti kimoja kila jicho. Kiyoyozi cha karakana nimekizima. Nyimbo tisa, dakika arobaini kamili. Koti limelowa chapa.
Nimejitazama kwenye kioo.
Haukushuka.