Majani Niliyomchemshia Mama Yako

Mjukuu wangu Salha,

Salamu kutoka Hail, huku Arabuni. Bibi yako mzima, goti tu linamsumbua. Umenitumia picha ya majani uliyochuma shambani kwetu huko Unguja, ukaniuliza yanatibu nini.

Nilipokuwa Unguja nilijiona hakuna jani nisilolijua, na nilipohamia huku nikajiona vivyo hivyo. Mama yako, bado mtoto, akashikwa na homa. Nikamchemshia majani ya kichaka kilichostawi mchangani. Kashakunywa nusu kikombe, jirani yetu mchunga mbuzi akanipigia kelele: "We Khamis! Hiyo harmal, sumu! Mbuzi wenyewe hawaigusi, wanakushinda akili!"

Mama yako alitapika kutwa, nimempakata. Alipona, alhamdulillahi.

Hayo yako siyajui. Neno hilo, "siyajui", sijapata kumwambia mtu. Yatupe. Simu huipokei, nami sina raha mpaka uniambie hujayanywa.

Babu yako,
Khamis