Hamugembe Si Patupu

Tata,

Baba yangu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ulizoea kusema mambo ya ofisi yana lugha yake, Kihaya tukiache kwa mambo ya nyumbani. Hili ni la ofisi, ila limeingia nyumbani mpaka kwenye kaburi lako.

Ile ramani imetoka. Ile uliyoihangaikia mvua nzima, wewe tarishi wa ofisi yao ya serikali, ukimtangulia bwana mpanga mji huku kifua kinakubana, ukimwonyesha mtaa wetu wa Hamugembe kibanja kwa kibanja, kila nyumba na migomba yake. Ulikuwa unarudi na tope magotini, unamwambia mama, "Wanapanga mji wa miaka ishirini ijayo. Wanataka kujua kila mtu anafanya kazi gani." Ulifurahi, Tata. Ulimtajia bwana yule watu wote: Fundi Sudi na cherehani yake, mhunzi wa majembe, akina mama wanaosuka mikeka, wanaoanika kahawa, wanaotengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ulimkaribisha akaketi kwetu, ukamkatia mkungu wa ndizi aende nao.

Arobaini yako haijafika, wakaibandika ramani ukutani pale ofisini.

Nilikwenda kuisoma. Ufukweni, maghala. Mlimani, nyumba za mabwana wa Kizungu. Na kwetu wamepaka manjano, wakaandika kwamba ni ardhi tupu, patajengwa kambi ya vibarua. Wakazi watahamishiwa huko nyuma ya Nyanga, na kwa kuwa hawana kazi, watapewa ya kubeba magunia bandarini Kemondo. Hawana kazi! Nilisoma mara tatu nikidhani macho yangu yamekosea.

Mama aliniuliza mahali anapolima tangu aolewe pameitwaje. Nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia pameitwa patupu. Alichukua jembe akaenda kupalilia migomba iliyo kando yako.

Na wewe pia nilikukasirikia. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wewe ndiye uliyewafungulia njia. Uliwapa majina yetu kwa moyo mweupe, wakayatupa. Hasira hiyo nilikwenda nayo mpaka barazani, siku bwana mkubwa alipokuja kuieleza ramani.

Nilipoinua mkono, karani alisema mambo ya wanawake yatasikilizwa baadaye. Fundi Sudi alikuwa ameshaitwa kusema. Akasimama taratibu, akasema, "Zamu yangu nampa binti wa jirani yangu," akaketi. Basi nikasema. Sikuwa na karatasi. Nilitaja nyumba kwa nyumba, kazi kwa kazi, kama ulivyokuwa unamhadithia mama jikoni. Bwana mkubwa akauliza kupitia mkalimani ni nani aliyehesabu hayo yote. Nikamjibu, "Tarishi wenu. Tumemzika pale mnapotaka kambi."

Bwana mkubwa akamwambia karani aandike. Nikadhani wamesikia.

Unajua walichofanya? Walifuta neno "tupu" wakaandika "mashamba ya wenyeji." Mpaka haukusogea hata unyayo mmoja. Sisi tumepewa neno, wao wamebaki na ardhi, na bado wanataka tuwashukuru. Karani alinifuata nje akaniambia nimeheshimiwa sana. Tata, nilitamani kumtemea mate. Sikutema, kwa ajili ya jina lako tu.

Juzi wakaja wapimaji na vigingi vyao. Mama akatandika majani ya migomba akaketi katikati ya kibanja. Akaja mke wa Fundi Sudi, wakaja na wengine, kila mmoja na ukindu wake. Walikaa kutwa nzima wakisuka mikeka. Kazi ambayo hatuna, Tata, waliifanya mbele ya macho ya wapimaji. Wengine kati ya wale ni watoto wa hapa hapa, wamekula kwetu. Walisimama, wakatazamana, wakaondoka na vigingi begani.

Watarudi. Sitakudanganya kwamba tumeshinda. Usiku nalala, ila moyo hautulii.

Lakini nakuahidi hivi: wakirudi watanikuta, na sitasubiri mtu anipe zamu. Na hasira niliyokuwa nayo kwako nimeitua. Hukukosea kusema kweli. Wao ndio waliokosea kuikataa.

Mama ameshatuonyesha pa kumzika siku yake ikifika, hapo upande wako wa kulia. Kwaheri, Tata. Hakuna atakayekuhamisha.

Mwanao,
Anastazia