Funda Moja la Mvinyo Mweupe

Geita, kambi ya mgodini

Mama Agnesi, mke wangu,

Kabla ya yote, hamjambo hapo nyumbani? Kikohozi cha Agnesi kimekwisha, au bado kinawaamsha wote? Mimi ni mzima, nakula na kulala vizuri, ila vumbi la huku limenifanya niwe rangi moja na viatu vyangu. Iringa yetu na baridi yake naikumbuka kila nikifua shati.

Barua yako niliipata. Umeniuliza: nyumba imepatikana, au nimeoa mwingine? Mwingine sina, wewe mmoja unanitosha na kusaza. Habari ya nyumba ndiyo ndefu, kwa hiyo kaa kitako nikueleze.

Unakumbuka bwana ninayempikia, yule mpima mawe, aliniahidi chumba katika nyumba za wafanyakazi wenye wake. Alipotaka safari ya Chato, kule ziwani, nikasema hapa ndipo pa kumpendeza. Boi wake wa mezani aliugua akabaki, basi kupika mimi na kuandaa mezani mimi. Kazi ya mezani sikuwahi kuifanya. Siku zote mimi ni mtu wa moshi.

Tukiwa kambini akaja mgeni kula chakula cha jioni, Mzungu mzee wa mambo ya pamba. Bwana akaniagiza chupa ya mvinyo mweupe. Nilikuwa nimeifunga gunia bichi na kuitundika penye upepo tangu adhuhuri, ikapoa kama maji ya mtoni kwetu wakati wa kipupwe. Nikaileta. Mgeni akaitazama ile chupa, akamtazama bwana, kisha akanitazama mimi. Mama Agnesi, ungekuwa wewe ungefanyaje? Kwetu mgeni hapewi ulanzi wetu wa mianzi mpaka anayempa aonje kwanza mbele ya macho yake, ajue hamna sumu. Nikamimina kidogo katika bilauri yake, nikanywa, nikajifuta mdomo, ndipo nikamjazia kwa adabu zote.

Bwana akaiva uso kama pilipili.

"Wewe nakunywa pombe yangu mbele ya mgeni?" Kiswahili chake kikikasirika hupotea njia.

"Samahani bwana," nikamwambia, "nimemwonjea mgeni."

"Toka!"

Nikatoka. Unajua Serikali imetukataza sisi Waafrika vileo vya Kizungu, na akitaka angenipeleka polisi. Nikakaa nyuma ya hema. Lakini nikwambie kweli, kinywaji kile kilikuwa kitamu! Ni chepesi, kina uchachu kidogo pembeni mwa ulimi, halafu utamu unafuata taratibu, kama ulanzi uliogemwa alfajiri. Pombe ya mtama ya Wasukuma nimeinywa, ya ndizi ya Wazinza nimeinywa, na zote nazisifu. Hii imezipita. Nikatamani ungekuwepo nikugawie nusu ya funda lile, na hapo ndipo roho iliponiuma. Kufukuzwa kazi sikukuogopa sana, maana watu hawaachi kula na mpishi hakosi jiko. Niliogopa kukuandikia tena neno lile la kila mara: subiri.

Asubuhi akaniita. Chupa nilikuwa nimeikuta tupu, na wote wawili wazima.

"Kazi yako ipo," akasema. "Nyumba hapana. Nyumba napa dobi. Wewe labda mwaka kesho."

"Ndiyo, bwana," nikajibu, nikaenda kufunga vyombo.

Tuliporudi Geita nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Kabula, mjane wa Kisukuma anayetuuzia maziwa hapa kambini. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akacheka hadi kibuyu kikamtoka mkononi.

"Ulikunywa mbele ya Mzungu! Chumba kipo, mwanangu, nyuma ya zizi langu. Kinavuja na kina panya. Mlete mwenzio, panya watahama wenyewe."

Jumapili yote nimeshinda nakikandika. Mlango unagoma kidogo kufunga, na harufu ya ng'ombe ipo, sikufichi. Paa nimeliezeka upya upande wa kitanda. Upande wa pili tutaezeka pamoja.

Mpe baba mkwe shikamoo yangu, na umwambie sijasahau ahadi niliyompa juu yako. Msalimie kaka Mateo anayetutunzia shamba, sasa alishike kama lake. Mjomba Klementi, mgema wetu, mwambie ulanzi wake umepata mpinzani, lakini asilie, mpinzani mwenyewe siruhusiwi kumnywa.

Panda basi hadi Dodoma, kisha treni hadi Mwanza. Pale kituoni utanikuta Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, ruhusa nimekwisha kuomba. Mwaka kesho wa bwana mimi siutaki. Barua hii usiijibu kwa karatasi. Funga mzigo, mfunike mtoto vizuri, uje.

Ni mimi mumeo, Baba Agnesi