Fushia kwenye Kona ya Shamba

Jumamosi, 4 Novemba

Nimeamka Mama akiwa bado amelala. Nimetoa machipukizi ya pembeni ya fushia, ua langu, kwa kucha, yote. Majani ya shina nimeyaacha, yanalisha. Nimeimwagia maji yaliyooshea viazi. Nimefungua kamba inayoishikilia kwa fimbo na kuifunga tena, maana shina limenenepa na kamba ilikuwa inalikaba. Kamba yenyewe ni upindo wa kikwembe, kitenge changu cha zamani.

Fushia yangu inanipita kimo sasa. Chini shina tupu kama fimbo, juu kichwa cha majani. Njo vile Mama Kavira alinifundisha. Ni muchuuzi wa Butembo, butiki yake iko kando ya barabara hapa Kirolirwe, na mbele ya mulango ana fushia kubwa iliyoota ovyo kama kichaka. Mwaka jana Mama alinituma chumvi kwake. Nikasimama naangalia maua mpaka wateja wote wakaisha. Mama Kavira akavunja kijiti. "Chukua, na usiniulize tena." Sikuwa nimeuliza hata mara moja.

Akasema ukitaka ikuwe muti, usiionee huruma pembeni. Mimi nilitaka muti. Kwa nini, sijui. Kwetu Itebero ni msitu, muti ni kitu mutu anakata. Papa anacheka kila akipita: mutu wa Itebero anapanda muti! Babu yako angeanguka chini.

Jumatano, 8 Novemba

Matumba. Madogo, yanaangalia chini.

Masomoni prof wa Kifaransa aliomba majina ya maua. Wote: rose, rose, rose. Mimi nilikuwa na fuchsia mudomoni, na tahajia yake yote. Sikuinua mukono. Baadaye nilijichukia njia nzima.

Mvua. Papa na Mama wamepalilia maharagi mpaka giza. Shamba si letu, na nyumba si yetu. Ni vya Papa Hangi, mwenye ng'ombe. Tangu tukimbie Itebero anatuazima, msimu kwa msimu, na sisi tunamupa sehemu ya mavuno.

Jumapili, 12 Novemba

Ua la kwanza limefunguka tukiwa kanisani. Nyekundu inje, zambarau ndani, na nyuzi zinaning'inia kama hereni ya bibi arusi. Mama aliangalia. "Inaliwa?" Nikasema tunda lake linaliwa, kidogo. "Basi haifai." Akaingia kupika. Baadaye nilimuona amerudi tena pale, peke yake, mwiko mukononi.

Nina furaha. Naiandika hivyo tu.

Ijumaa, 17 Novemba

Vibaya.

Papa Hangi alipita kuangalia ng'ombe wake. Akafika kona ya shamba, akasimama mbele ya fushia. Alisimama muda murefu. Nikaingia jikoni. Mimi huwa naingia jikoni.

Nilisikia yote kupitia ukuta wa mbao, Papa Hangi akimwambia Papa:

"Baba, nilikupatia udongo ya maharagi. Muti haiko maharagi."

Papa akasema ni mutoto aliupanda, anapenda maua.

"Mutoto gani anafunga muti kwa fimbo mwaka muzima? Angalia vile imenyooka. Hiyo ni akili ya mutu mukubwa. Na umeiweka wapi? Kwa kona!"

Hapa, mutu anayeazimwa shamba analima kitu cha kuvuna na kuondoka. Maharagi, viazi, mahindi. Hapandi ndizi. Hapandi muti. Muti unakaa miaka, na siku moja aliyeupanda anasimama kando yake na kusema pa kwangu panaanzia hapa. Na kona njo mahali wenye udongo wanapanda muti wa mupaka. Sikujua. Nilichagua kona kwa sababu ya kivuli cha uzio wa jirani, fushia haipendi jua kali, na maji ya mvua yanapita pale.

Papa alishika mupanga, akasema anaukata sasa hivi. Papa Hangi akakataa. Ndugu zake wauone kwanza. Udongo ni wa wote watatu. Watakuja Jumamosi ya wiki kesho, na siku ile njo watasema kama tutalima tena msimu unaokuja ao tutafute kwingine.

Kwingine ni wapi?

Kama ningeiacha ikae kichaka kama ya Mama Kavira, hakuna mutu angesema kitu. Ni mimi niliifanya muti.

Jumatatu, 20 Novemba

Kwa robine, bomba la maji. Wasichana wa darasa langu walifungua njia, mikono kifuani. "Pisheni! Pisheni propriétaire, mwenye udongo, achote maji!" Mumoja akaniuliza kama nitamuuzia parsele, kipande cha udongo.

Nilicheka nao. Nimejichukia kwa kucheka kuliko kwa kunyamaza.

Papa hasemi nami. Hajakasirika, afazali angekasirika. Anapalilia tu shamba ambalo labda si yeye atalivuna tena. Maua yanazidi kufunguka. Nayaona mabaya.

Jumanne, 21 Novemba

Nimeenda kwa Mama Kavira. Nilitaka aje Jumamosi aseme kwamba kijiti kilitoka kwake na fundisho lilitoka kwake. Yeye watu wanamusikiliza. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Anapanda kwenda Butembo kesho kuchukua bidhaa, hatakuwepo.

"Semea baba yako wewe."

Nikaangalia chini.

"Ama mudomo ulipewa ya kulia ugali tu?"

Akanipa biskuti. Nilikuwa na aibu ya kuzikataa, nikazila njiani zote bila kuzisikia utamu.

Nilimuuliza kitu kimoja kabla ya kutoka, na hilo nalisema kwa heshima yangu: ukiing'oa ikiwa na maua, inaishi? Akasema ukate kichwa, nusu na zaidi, maua yote yaende. Uchukue mizizi na udongo wake. "Inaweza kuishi. Inaweza pia kukufa. Iko kama watu."

Alhamisi, 23 Novemba

Bidon ya manjano, dumu lililopasuka shingo, nimeomba kwa Mama. Akauliza ya nini. Nikamwambia. Ameniangalia, akaileta yeye mwenyewe, akaikata juu kwa kisu cha moto. Matundu ya chini nimetoboa mimi kwa musumari. Mawe madogo, halafu udongo mweusi na mavi ya ng'ombe yaliyokauka.

Naogopa Jumamosi.

Jumamosi, 25 Novemba

Walikuja asubuhi, ukungu bado chini. Papa Hangi na ndugu zake, mukubwa mwenye kofia na mudogo mwenye buti za plastiki. Walizunguka fushia kama mutu anazunguka ng'ombe sokoni. Papa alianza kueleza. Mukubwa akamukatiza: "Yako tumeisikia."

Ningependa kuandika kwamba miguu ilinipeleka yenyewe. Si kweli. Mama alinisukuma mugongoni.

Nilifungua mudomo na Kifaransa njo kikatoka, kama siku prof ananisimamisha. C'est moi qui l'ai planté, monsieur. Yule wa buti akapiga makofi. "Ala! Wametuletea inspecteur!" Nikarudia kwa Kiswahili. Ni mimi niliupanda, bwana. Papa hajui hata kuifunga.

"Onyesha basi," mukubwa alisema.

Nikaonyesha. Mahali machipukizi yalikuwa, nayatoa namna gani, kwa nini majani ya shina yanabaki. Kamba, na kikwembe ilikotoka. Kivuli, maji. Nilisema maneno mengi kuliko mwaka muzima. Sauti haikukatika. Nikasema kwetu muti hauna maana hiyo, sikujua, na kwa kuwa sasa najua, nautoa mimi mwenyewe mbele yenu.

Nikakata kichwa. Matawi na maua, chini. Nikachimba kuzunguka. Papa alikuja kushika jembe, nikamwambia aache. Wangesema tena ni mikono yake.

Mizizi ilikuwa mingi kuliko nilivyofikiri. Mingine nimeivunja, nilisikia inavunjika. Nikaiweka ndani ya bidon, nikashindilia, nikasema: sasa haina mizizi kwenu.

Mukubwa akagonga bidon kwa ncha ya fimbo yake. "Na hii udongo ndani? Iko yetu!"

Niliinama kuumwaga. Kweli niliinama. Wote wakacheka, hata Papa. "Acha, mutoto, acha, nakuchokoza." Halafu mukubwa akamwangalia Papa, si mimi. "Mulime tena. Maharagi."

Papa akauliza: "Na viazi?"

"Na viazi, baba. Tuache kusumbuana."

Yule wa buti aliokota matawi yangu, akafunga furushi. Ni ya muke wake, anapenda vitu vya kupamba. Yeye anaweza kuyapanda popote.

Niliingia jikoni, nikalia. Mama aliniacha.

Jumatatu, 4 Desemba

Wamepanda muti wao wa mupaka kwenye kona. Hawakuchimba, walitumia shimo langu. Nilipita na vitabu, nikawaamkia. Waliitika vizuri.

Fushia imeangusha majani. Nimeiweka nyuma ya jiko, mahali jua halifiki. Maji kidogo.

Kwa robine wamechoka na propriétaire. Sasa kuna mwingine anachekwa, amekata nywele vibaya. Sikucheka. Sikumutetea pia.

Jumapili, 17 Desemba

Maharagi yamekauka. Tumeyapiga uwanjani leo baada ya misa, Papa anachagua mbegu za msimu unaokuja, zile kubwa anaziweka pembeni.

Nilikwaruza gome la fushia kwa kucha. Juu kavu. Chini, karibu na udongo, kijani. Haijaamua.

Mangaribi kidogo Papa aliacha mbegu, akaenda nyuma ya jiko. Nilifikiri anatafuta kuni. Aliinama, akakumbatia bidon, akaiweka begani. Akatembea nayo, polepole, akazunguka nyumba yote. Mama alisimama na ungo akimwangalia. Akaifikisha tena pale pale, akaiteremusha vizuri, akajifuta udongo shingoni.

"Inabebeka," alisema.

Akarudi kwenye mbegu zake.