Jicho Moja la Ilunga

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimesafisha bunduki ya hewa kama kila Jumatatu. Nimekunja mtutu, nimechungulia: tupu. Kitambaa cha kwanza kimetoka cheusi, cha pili kimetoka safi. Tone moja la mafuta mepesi kwenye bawaba. Tundu la hewa halitiwi mafuta kamwe. Risasi zimo katika kopo la maziwa juu ya kabati; bunduki iko nyuma ya mlango. Vitu hivyo viwili havilali pamoja.

Panya wametoboa gunia jingine la mahindi ghalani. Ilunga, mdogo wangu, anataka kuwapiga mwenyewe. Ana jicho moja tu. Lile la kushoto lilipasuliwa na kipande cha chuma katika karakana ya reli, alipokuwa fundi huko. Nimemwambia: bila miwani ya kazi, haigusi. Amecheka. Hana haki ya kucheka.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Ilunga amepiga mnyama mmoja, mkubwa kuliko panya, kwa miwani. Amemleta akimshika mkia. "Yaya, hii haiko panya, njo buku!" Yaya ndiye mimi, kaka yake mkubwa. Nimemsahihisha mbele ya mkewe. Hatusemi "haiko panya." Tunasema "si panya, ni buku." Nilifundisha sarufi miaka mingi, siwezi kusikia "haiko" ndani ya nyumba yangu nikanyamaza.

Basi kutwa nzima amenidhihaki. Chai hii si chai. Kiti hiki si kiti. Mama Numbi, mkewe, amecheka hadi mwiko ukamponyoka. Hata hivyo nimeridhika. Alilitumia neno ipasavyo.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Siku mbaya. Ilunga alitia mafuta ya injini katika tundu la hewa, eti bunduki ipate nguvu. Alipofyatua, ulitoka mlio wa silaha ya vita, na moshi. Hewa ikibanwa hupata moto, na mafuta huwaka. Nilimwonya. Jirani yetu, mke wa askari wa Base, ile kambi ya jeshi, alitoka mbio na kanga ya kulalia. "Tata Mwalimu, munatuua ao munacheza?" Nikamwomba radhi. Mimi, kuomba radhi kwa mafuta ya mtu mwingine.

Nimeifungua na kuikausha. Springi ya ndani imelegea. Bado inapiga, lakini haisikiki kama zamani. Siipendi sauti yake.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Baada ya misa nimeikuta bunduki imevutwa tayari. Imekaa hivyo tangu asubuhi, springi imebanwa. Ndani, risasi.

Tena kuna jambo baya zaidi. Ilunga amekwangua kwa tupa kile kichuma kinachoshika kifyatulio. "Yaya, sasa iko laini, ata mutoto anaweza kuvuta." Analisema kama sifa. Sasa kidole hakihitajiki, mtikisiko unatosha.

Nimeamuru mtu yeyote asiitumie mpaka nipate kichuma kipya. Hakubisha. Kwa kawaida hubisha.

Mama Numbi analalamika juu ya mahindi. Anasema amri yangu inashibisha panya.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Niliingia ghalani. Ilunga alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, bila miwani. Bunduki ilikuwa imelazwa juu ya magunia. Amri yangu ilikuwa imevunjwa. Nilikasirika. Nikauliza: "Haina risasi?"

Akajibu: "Si!"

Nikaiinua. Nilipaswa kukunja mtutu na kuchungulia. Sikukunja. Mtutu ulielekea ukutani, kwenye bamba la chuma tuliloziba nalo tundu la panya. Kidole changu hakikugusa kifyatulio. Kitako kiligonga nguzo. Ikafyatuka.

Risasi ilipiga bamba ikarudi. Ilunga alisema "aa" mara moja tu, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha akaweka viganja usoni.

Jicho la kulia.

Pikipiki ilitufikisha hospitali, yeye katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Damu yake iko kwenye shati langu. Sijalivua.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Nimeelewa leo, kando ya kitanda chake. Alisema "si" ya Kifaransa, ile ya karakana, ile ya wakubwa wa reli. Ukiulizwa "haina?" nawe ukajibu "si," maana yake: inayo. Alikuwa akinionya. Mimi nilisikia "si" ya Kiswahili, ile niliyomlazimisha. Nilisikia: si kitu, haina.

Hana hasira. Amelala, uso umefungwa wote. "Yaya, ulitaka niseme si. Minyi nilisema si." Akacheka kidogo; akaacha, kwa sababu kucheka kunamuuma.

Ningependa anitukane.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Sikwenda misa. Nimemuuliza daktari. Anasema tungoje uvimbe ushuke. Amekuja mara mbili, ameinua bendeji, ameirudisha. Nilimtazama usoni. Mtu mwenye habari njema hatazami sakafu.

Mama Numbi halii mbele yangu. Ananisalimu kwa heshima, kama mgeni. Jana aliuliza, akiwa amenipa mgongo: "Akipofuka, nani atamutembeza?" Sikumsahihisha.

Naogopa. Nimeandika neno hilo na sitalikata.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Wameondoa bendeji. Daktari alisimamisha vidole mbele yake, akauliza ni vingapi. Ilunga aligeuza uso huku na huku. Kisha akaomba dirisha lifunguliwe, kwa sababu ni giza.

Dirisha lilikuwa wazi.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Tumemrudisha nyumbani. Nimemhamishia chumba changu. Kiko karibu na mlango wa nje na hakina kizingiti. Mimi nimechukua kile cha nyuma.

Asubuhi alitaka kuona ua. Alisema hivyo, kuona. Aliweka mkono begani mwangu, tukatembea polepole. Nilimwambia kila kitu kabla hatujakifikia: shimo, kamba ya nguo, jiko la mkaa, mbuzi wa jirani. Alikuwa akirudia kila jina kwa sauti ya chini, apate kulikariri.

Mama Numbi alikuwa akitwanga. Hakusimama, lakini alipunguza kishindo cha mchi ili Ilunga anisikie vizuri.

Tulipofika kwenye kiti, nilimshika mikono nikaiweka juu ya kiti. Akaketi. Akanishukuru kwa Kiluba, lugha ya mama yetu: "Wafwako, Yaya."

Nikaketi chini karibu naye mpaka jua likawa kali, kisha nikakisogeza kiti kivulini.